Picha ya Juu ya Chungu

Kila asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye bati la jiko, Bi Mwamvua aliweka kikombe chake chini kwenye mstari, kisha akaenda kukaa ukutani. Foleni za mji wetu ziko hivyo. Wanaosimama ni vikombe. Watu hukaa pembeni wakizungumza, na jirani akisogeza kikombe chako pamoja na chake huna haja hata ya kugeuka, kwa sababu kila mmoja anakijua kilicho chake. Cha Bi Mwamvua kilikuwa cha bati, cheupe, chenye maua yaliyobanduka upande wa mdomo, na kilikuwa kikubwa kuliko vya wenzake. Mpishi wa uji, Mama Sikitu, alimtania kila siku kwamba kikombe kile kinakua haraka kuliko mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mgongoni. Aliitwa Tunu, mjukuu wa Bi Mwamvua. Mama yake alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, na mpaka siku hizo alikuwa hajapata kazi wala njia ya kurudi. Tunu alifikishwa zahanati akiwa amevimba miguu, nywele zimegeuka rangi ya majani makavu. Uji wa serikali, wa mtama, soya na karanga, ulikuwa umeanza kumrudisha. Mganga alimwambia Bi Mwamvua aushikilie uji ule kwa mikono miwili, kwa sababu uvimbe ukirudi mara ya pili hautaondoka peke yake.

Asubuhi ninayoisimulia, vikombe vilikuwa vimefika nusu ya ua wa jiko, ndipo gari la Wizara ya Huruma lilipoingia. Dereva alivikuta vikombe njiani, akavipigia honi. Vikombe havikusogea. Akapiga tena, kwa muda mrefu zaidi, maana gari la serikali halikwepi chombo cha uji. Mwishowe afisa aliyekaa mbele akateremka, akaviamuru vipishe. Wenyewe tukakimbia kuviokota, kila mmoja chake, na mstari ukavunjika. Jambo hilo halikuwahi kutokea.

*

Afisa huyo alikuwa Bwana Tegeza, Afisa Miguno wa Wilaya.

Msomaji ambaye si wa nchi yetu huenda akahitaji maelezo. Zamani sisi pia tulipiga kura, lakini kura zilileta ubishi, na ubishi ukamkosesha usingizi Mkuu wa Nchi. Wataalamu wakagundua kwamba maoni ya mwananchi hukaa kooni muda mrefu kabla hayajafika mdomoni, na kwamba yakifika mdomoni huharibika. Tangu hapo serikali yetu huyachukua yakiwa bado kooni. Kila mpango wa serikali una picha yake. Mwananchi huitazama picha, kisha huguna au haguni, na kisanduku kiitwacho Kipima Mguno husikiliza na kuonyesha kwa mshale. Kikohozi hakihesabiwi. Msonyo huhesabiwa sawa na miguno mitatu, isipokuwa msonyo wa mtu mwenye pengo, ambao hupelekwa makao makuu kwa uchunguzi zaidi. Mshale ukipita mstari mwekundu, mpango hubadilishwa. Hakuna nchi nyingine inayowasikiliza watu wake kwa karibu namna hii. Tunaambiwa hivyo, na tunaamini.

Picha ya Mpango wa Uji ilining'inia jikoni, juu ya chungu. Ilipigwa mwanzoni kabisa mwa mpango: mtoto mwenye macho makubwa anakunywa uji, na mkono wa mtu mzima, ambaye uso wake hauonekani, umemshikia kikombe. Kwenye kona ya juu, ndani ya kiduara chake mwenyewe chenye kioo, alikaa Mheshimiwa Lukumbi, Waziri wa Huruma, akitabasamu. Picha hiyo ilianza maisha yake ukutani, nje. Mheshimiwa ndiye aliyeagiza ihamishiwe juu ya chungu, ili anayepokea uji amwone anayestahili kushukuriwa. Aliagiza vilevile kwamba kioo chake kifutwe kila Ijumaa. Kuhusu mtoto hakukuwa na agizo, na Mama Sikitu alikuwa mtu wa kufuata maagizo. Kuni tunazoletewa ni mbichi. Basi miaka ikapita, Mheshimiwa akabaki aking'aa, na mtoto akawa anakunywa uji wake katikati ya moshi.

Lazima pia nieleze jambo ambalo katiba yetu inakataza kulisema, na naomba radhi mapema. Nchi yetu ina Waselu, ambao ni wengi na wana rangi ya maji ya kunde, na ina Watugo, ambao ni wachache na ni weusi sana. Katiba inakataza kabisa mtu kutajwa kwa asili yake au rangi yake, na sisi ni watu wa sheria. Hatuwataji. Tunasema "wenzetu wale", huku tukiinua kidevu kidogo kuelekea mashamba ya chumvi, wanakoishi. Watoto wetu hujifunza kuinua kidevu kabla hawajajifunza kusoma, na mwalimu hana haja ya kuwafundisha.

*

Bwana Tegeza aliweka kisanduku chake juu ya kigoda, akakifuta vumbi, akatuomba tuitazame picha na tujisikie huru.

Hatukuwa tumeitazama kwa miaka. Ilikuwa imekaa pale kama msumari unavyokaa. Sasa tulipoinua macho tulimwona mtoto mweusi tititi, akinywa uji wa serikali kwa furaha. Hakuna aliyefikiria moshi. Mheshimiwa alikuwa pale pale kwenye kona, mweupe wa meno, msafi wa kola. Moshi ungewezaje kumchagua mtoto na kumwacha Waziri?

Waliokaa ukutani asubuhi ile karibu wote walikuwa Waselu. Watugo hawaji kwa wingi katika ua wa uji, kwa sababu huondoka alfajiri kwenda kukata chumvi, na uji hugawiwa wakiwa bado wako huko, maji ya chumvi yakiwafika magotini. Hilo tulilijua. Lakini tulikuwa tumeombwa kutazama picha, hatukuombwa kutazama ukuta.

Mzee mmoja karibu na lango akaguna. Mshale ukatikisika. Wengine wakafuata. Kisha Bi Mwamvua akasonya, msonyo mrefu wa mtu mwenye meno yote ya mbele, na mshale ukaruka. Akawaambia waliokaa karibu naye watazame hata ule mkono uliomshikia mtoto kikombe, ulivyo mgumu, mkono wa mtu asiyejua kulea. Bwana Tegeza akamshukuru kwa uwazi wake.

Chini ya picha hiyo Mama Sikitu alikuwa akikoroga. Yeye ni Mtugo. Hatukumhesabu, kwa sababu alikuwa wetu, na tena ilijulikana kwamba wenzetu wale wamejaliwa ngozi ya kustahimili moto. Mtoto wake Sikitu, ambaye alikuwa na umri wa Tunu, aliketi juu ya gunia la unga akingoja uji wa mwisho, ule unaobaki wengine wakishakunywa. Mama Sikitu hakuinua kichwa. Uji ulipoiva alianza kupakua, na kikombe kikubwa cha maua kilipofika mbele yake alizamisha upawa hadi chini kabisa, kwenye uji mzito, kama alivyofanya siku zote kwa ajili ya Tunu.

"Ahsante, mwanangu," akasema Bi Mwamvua.

*

Jioni redio ikatangaza kwamba taifa limeguna. Kumbe siku ile vipimo vilichukuliwa katika nyua zote za uji, na katika nyua zote kuni ni mbichi.

Wiki nzima kipindi cha "Koo la Taifa" hakikuwa na mada nyingine. Mtu mmoja wa huko milimani, ambaye alikiri kwamba hajawahi kukutana na wenzetu wale, alieleza tabia zao kwa undani uliomshangaza hata mtangazaji. Mama mmoja alisema wanazaa kwa ajili ya kikombe: wakiona chungu kimekuwa kikubwa, wanaongeza mtoto. Mwingine alisema matumbo yao yana ghorofa mbili, na uji wa serikali unaishia ghorofa ya chini ambako hauna faida kwa mtu. Bwana mmoja mwenye sauti ya upole alieleza kwamba yeye hana chuki kabisa, mlinzi wake ni mmoja wao na amewahi kula karanga kutoka mkononi mwake. Jambo linalomuuma ni uvivu tu. Yeye huamka saa tatu asubuhi, akatazama barabarani, na haoni hata mmoja wao akienda kazini.

Bi Mwamvua alikisikiliza kipindi hicho kwa jirani, Tunu yuko mapajani akilamba vidole. Alitikisa kichwa kwa masikitiko katika sehemu zote zilizostahili masikitiko. Hakuona kwamba anazungumziwa. Yeye alikuwa kwenye uji kwa sababu ya matatizo, na matatizo huisha. Wenzetu wale walikuwa kwenye uji kwa sababu ya tabia. Ungemuuliza yeyote katika waliokaa ukutani angekujibu hivyo hivyo: kwamba yeye ana matatizo, na huyu aliye karibu naye pengine naye ana matatizo, lakini wengine wote waliobaki ni tabia.

Kisha Chuo Kikuu kikaombwa kiseme. Profesa mmoja wa Elimu ya Tumbo na Taifa alisoma utafiti wake mbele ya Waziri, na sisi tuliuona kwenye televisheni ya dukani. Aliwachukua Mselu na Mtugo, ambao kwa heshima ya katiba aliwaita Mnywaji wa Kwanza na Mnywaji wa Pili, akawapa uji ule ule, akawaangalia. Wote wawili walikaa kivulini baada ya kunywa. Mnywaji wa Kwanza, aliandika Profesa, alikuwa akipumzika baada ya lishe. Mnywaji wa Pili alikuwa akizembea. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa adabu unatofautishaje kupumzika na kuzembea kwa mtu aliyekaa kimya. Profesa akatabasamu, akasema jambo hilo linahitaji mafunzo ya muda mrefu nje ya nchi.

*

Mheshimiwa Lukumbi alipeleka mswada bungeni akiwa amevaa suti ya rangi ya uji, kuonyesha kwamba moyo wake bado uko na watoto. Alizungumza asubuhi hadi adhuhuri. Alisema huruma ni kama maji ya bomba, lazima iwe na mita. Alisema serikali yetu haijawahi kumbagua mtu na haitambagua mtu. Inachofanya ni kutofautisha tu, kwa upendo. Uji utaendelea, akasema, ila kuanzia sasa utakuwa wa watoto ambao wazazi wao wana bidii.

Mbunge mmoja, aliyekuwa amesinzia na kuamshwa na makofi, aliuliza bidii itapimwaje. Waziri akalijibu swali hilo kwa furaha, kwa sababu hesabu yake ilikuwa nyepesi. Mzazi ambaye mtoto wake ana njaa ameonyesha wazi kwamba hana bidii, kwa hiyo hastahili uji. Mzazi ambaye mtoto wake hana njaa ameonyesha kwamba ana bidii, kwa hiyo anastahili uji, isipokuwa kwa kuwa mtoto wake hana njaa, hauhitaji. Wabunge walipiga meza mpaka maji yakamwagika kwenye bilauri. Sheria ya Uji kwa Wenye Bidii ikapita siku hiyo hiyo, na Kipima Mguno kilipoletwa tena uani kwetu, mshale ulilala kimya kama mtoto aliyeshiba.

Sisi tulishangilia. Bi Mwamvua alipiga vigelegele, kikombe kikiwa mkononi. Mama Sikitu alikuwa akiosha chungu, na alikiosha kwa muda mrefu.

Asubuhi iliyofuata tuliviweka vikombe vyetu chini kama kawaida na kwenda ukutani. Mstari haukusogea. Jua likafika kwenye bati la jiko, likapita, likaanza kuvichoma vikombe. Ndipo tukaona kwamba chungu kimetolewa nje na kufudikizwa, na mlango wa jiko una kufuli la serikali.

Hatukuogopa, kwa kuwa tulijua ni kosa la kawaida la ofisi. Bi Mwamvua ndiye aliyetumwa kulieleza. Alimkuta Bwana Tegeza ofisini akipaka mafuta mshale wake. Akamwambia kwa upole kwamba wamefunga ua usiohusika. Sheria ile ilikuwa ya wenzetu wale. Akainua kidevu.

Bwana Tegeza aliifungua sheria, akaisoma yote, na akasikitika kwa dhati. Alimweleza kwamba katika sheria hakuna "wale". Katiba inakataza. Sheria ya nchi yetu haimtazami mtu rangi, kwa hiyo imewaondolea uji watoto wote kwa usawa kamili, na yeye binafsi anajivunia kuishi katika nchi yenye usawa wa namna hiyo.

*

Kwanza nywele za Tunu zilirudi kwenye rangi ya majani makavu. Kisha akaacha kuomba. Mganga wa zahanati alimbonyeza mguu kwa kidole, akaondoa kidole, na kishimo kikabaki. Alichokuwa nacho cha kusema alikwisha kukisema.

Bi Mwamvua alipika alichopata. Alipika maji ya mchele, alipika mihogo, akaponda majani ya maboga. Na kila asubuhi aliendelea kwenda uani na kuweka kikombe chake chini mbele ya mlango uliofungwa. Wengine tuliacha baada ya siku chache. Kikombe chake kilikuwa foleni nzima.

Ndiyo maana alikuwepo siku Mama Sikitu alipoletwa kusafisha picha. Mama Sikitu alikuwa amerudi kwenye chumvi, miguu yake imepasuka, na Sikitu alikuwa mgongoni, mdogo kuliko tulivyomkumbuka. Picha za mipango iliyokufa ni mali ya serikali na lazima zirudishwe wizarani zikiwa safi. Agizo safari hii lilisema picha yote. Tulikusanyika kuangalia, kwa sababu hatukuwa na kitu kingine cha kufanya asubuhi.

Mama Sikitu alichovya kitambaa kwenye maji, akafuta kioo cha Mheshimiwa kwanza, kwa mazoea. Kisha akamfuta mtoto. Maji meusi yakateremka hadi kwenye fremu. Likatoka sikio, halafu shavu la rangi ya maji ya kunde, halafu macho yale makubwa, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ndogo, mbona huyu ni Hadia.

Hadia ni mjukuu mkubwa wa Bi Mwamvua. Siku hiyo alikuwa shuleni, mrefu, mwenye kelele, anayeruka kamba kuliko wote. Alipokuwa mchanga naye alivimba miguu, naye uji ulimrudisha, na mpiga picha wa Wizara akaja. Mwaka ule Bi Mwamvua aliutembea mtaa mzima kuwaeleza watu habari za ile picha. Baadaye Hadia alipopendeza, Bi Mwamvua aliona si vizuri mjukuu wake ajulikane kwa uji. Akaacha kuitaja, halafu akaacha kuitazama.

Kitambaa kikafika kwenye mkono ulioshika kikombe. Kwenye dole gumba kulikuwa na kovu la kuungua, refu, limepinda kama ndoana. Bi Mwamvua akautazama mkono ule. Kisha akautazama wake, uliokuwa umeshika mguu wa Tunu, akauficha ndani ya kanga.

Mama Sikitu akakamua kitambaa.

*

Habari ilifika wizarani kabla picha haijakauka, na Mheshimiwa Lukumbi akaja mwenyewe. Safari hii vikombe havikuwepo njiani, isipokuwa kimoja, na dereva akakikwepa, tukaona kwamba kweli mambo yamekuwa mazito.

Waziri alisimama mbele ya picha iliyosafishwa, karibu na uso wake mwingine. Alisema serikali na wananchi wamehujumiwa na masizi. Alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo masizi ni adui wa maendeleo, na kutakuwa na wiki ya kitaifa ya kupambana nayo, yenye fulana. Tukapiga makofi. Kuhusu uji, akasema, yeye ni mtumishi tu. Taifa liliguna, uji ukaondoka. Kama taifa lilikuwa na maana nyingine lilipoguna, liseme, na sheria itaandikwa upya kwa maneno yake lenyewe. Bwana Tegeza alikuwa pembeni yake na kalamu.

Mzee wa karibu na lango akasimama. Alisema tulichotaka sisi ni uji wenye mwelekeo. Waziri akauliza mwelekeo upi, na mzee akainua kidevu. Mwalimu mmoja alisema tulitaka uji unaozingatia walengwa. Walengwa gani, akaulizwa. Naye akainua kidevu. Mwanamke aliyekuwa amemtambua Hadia alisema tulitaka utaratibu tu, jamani, utaratibu, na kidevu chake kikapanda kuliko vyote. Mwishoni ua mzima ulikuwa umeinua videvu kuelekea mashamba ya chumvi, na mtu anayepita angedhani tunaangalia ndege.

"Sikilizeni, wananchi," akasema Mheshimiwa, na sasa sauti yake haikuwa ya hotuba. "Kidevu hakiandikiki. Nipeni maneno, na kesho chungu kinachemka."

Mtu mmoja akaulizia katiba. Waziri akaeleza kwamba katiba inaikataza serikali kusema. Mwananchi mwenye uchungu akisema, hayo ni maoni, na kazi ya serikali ni kuyapokea tu. Akasubiri. Ilionekana wazi kwamba maneno yenyewe alikuwa nayo tangu zamani, na alichokosa ni mdomo wa kuyatoa.

Sisi si watu wabaya. Kila mmoja wetu alitazama miguu yake mwenyewe. Mimi pia nilitazama yangu.

Bi Mwamvua alikuwa mbele, kikombe chake kiko chini karibu na kiatu cha Waziri. Tunu alilala mgongoni, mdomo wazi, na mguu wake mmoja ulining'inia nje ya kanga, umejaa, unang'aa. Mkabala naye, kwenye mlango wa jiko, Mama Sikitu alisimama na kitambaa cheusi mkononi, na Sikitu akichungulia begani mwake. Watoto wale wawili walikuwa wamezoeana kwenye gunia la unga. Sikitu alimwona Tunu, akatoa mkono kwenye kanga, akapunga.

Bi Mwamvua alifungua mdomo. Kidevu kikaanza kupanda chenyewe.

"Sema tu, Bibi," akasema Mama Sikitu. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemharakisha mwenzake kwenye foleni. "Mtoto anavimba. Mimi nilikwisha kusikia tangu siku ile."

Bi Mwamvua akakishusha kidevu, akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza tangu uani kuwe na chungu.

"Nilitaka Tunu anywe," akasema, "na Sikitu asinywe."